Ukitaka Kumjua Mpiga Litungu, Anza na Wanaomwalika

Swali hili huja kila likizo ikikaribia, na huja kwa maneno yaleyale: "Nakwenda Musoma wiki mbili. Napenda sana bluzi. Wale wazee wanaopiga nyuzi na kuimba wenyewe nitawapata wapi, na nikiwapata nianzeje?" Wengine mnaandika kutoka Dar es Salaam, wengine Nairobi, wengine ni watoto wa Mara mliokulia ughaibuni na sasa mnarudi kuona kwenu. Nimekuwa nikijibu mmojammoja. Leo najibu wote kwa pamoja.

Usianze kwa kutafuta muziki. Tafuta watu wanaomwalika mpiga muziki. Mkoa wa Mara hauna ukumbi wa bluzi wala mtaa wa wanamuziki. Mpiga litungu mchana ni mkulima, mvuvi, fundi baiskeli au mlinzi wa ghala, na wanaojua nyumba yake ni wenye harusi, wenye misiba na wenye vilabu vya pombe. Ukiwapata hao umempata yeye, tena unafika kwake ukiwa na mtu wa kukutambulisha.

## Unamtafuta nani hasa?

Bluzi ilizaliwa kwa Wamarekani weusi wa Mississippi na majimbo jirani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wazee wa Mara hawakuipata huko, na usiende kwao ukiwaambia kwamba wanachopiga ni bluzi. Wana jina lao. Lakini mpenzi wa bluzi akikaa dakika tano tu atajua amefika: mtu mmoja, chombo kimoja cha nyuzi, sauti iliyokwaruzwa na umri, na maneno yanayohusu madeni, wakwe, ng'ombe waliopotea, ndugu waliokufa na wakubwa wasiosikia.

Ukiulizia, ulizia kwa jina la chombo:

- Litungu. La Wakurya na baadhi ya majirani zao. Tarime wengi watakuambia ritungu. Lina nyuzi nane, bakuli kubwa la mti lililowambwa ngozi, na sauti nzito ya kunguruma inayosikika kifuani kabla ya masikioni.
- Nyatiti. Ya Wajaluo, nayo ina nyuzi nane. Wengine huiita thum.
- Orutu. Ya Wajaluo pia, ina uzi mmoja na hupigwa kwa upinde.
- Gitaa la benga. Hili lina historia kubwa hapa. D. O. Misiani, aliyeongoza Shirati Jazz na kuipeleka benga mbali, alizaliwa mwaka 1940 karibu na Shirati, wilaya ya Rorya ya leo, kabla ya kuvuka kwenda kufanya muziki Kenya. Alifariki mwaka 2006 kwa ajali ya gari Kisumu. Bendi ilibeba jina la kwao hadi mwisho.

Ukimpata mpiga nyatiti, mtazame miguu. Anakaa kwenye kigoda kifupi, chombo kimelala ubavuni pake karibu na ardhi. Kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye ubao wa chombo, na kifundoni amefunga njuga. Vidole vinapiga nyuzi, mguu unashika mdundo, njuga zinajaza katikati, na juu ya yote hayo anaimba. Kabla ya kuanza atatumia muda mrefu kukaza nyuzi, akizungusha vitambaa vilivyoviringishwa kwenye mti wa juu, anasikiliza, anarudia. Usimharakishe na usianze kuzungumza na jirani yako. Kwa wengi wao huo ndio mwanzo wa wimbo.

## Kabla ya kupanda basi

Mwaka 1963 kijana wa Kimarekani aitwaye Tom Hoskins alimpata Mississippi John Hurt, mpiga gitaa aliyerekodi mwaka 1928 kisha akapotea kabisa machoni pa watu. Alimpataje? Katika wimbo mmoja Hurt alikuwa ametaja kwao, Avalon. Hoskins akaenda Avalon, akauliza, akaelekezwa nyumbani kwa mzee. Hakuhitaji zaidi ya hapo.

Njia hiyo inafanya kazi Mara kuliko hata ilivyofanya kazi Mississippi, kwa sababu waimbaji wa litungu, nyatiti na benga hutaja watu na mahali bila kuchoka. Kwa hiyo:

1. Sikiliza nyimbo zao mtandaoni ukiwa na daftari. Andika kila jina la kijiji, kata, mto, mlima na mtu.
2. Kama huelewi lugha, mtafute Mkurya au Mjaluo mmoja hapo ulipo akusikilizie. Wapo kila mji.
3. Angalia video vizuri. Mara nyingi namba ya simu ya mwimbaji au ya mrekodi wake imeandikwa chini.
4. Weka nyimbo hizo kwenye simu. Ukifika kijiweni utazipiga kwa sauti ndogo na kuuliza, "Huyu ni wa wapi?" Hapo watu watabishana wenyewe kwa wenyewe, na katika ubishi huo utapata jibu.

Kosa la kawaida hapa ni kupanga safari nzima kwa jina moja. Mzee anaweza kuwa amehamia kwa mwanawe Mwanza au amelazwa. Nenda na majina matatu au manne.

## Musoma mjini

Musoma ni mji wa ziwa, na ziwa ndilo linaloleta watu. Ukishuka stendi ya Bweri usikimbilie hoteli kuulizia "ngoma za asili". Mapokezi watakuitia kikundi cha kucheza mbele ya wageni, mtapiga makofi, mtalipa, mtaachana. Hakuna ubaya, ila wewe hukuja kwa hilo.

Nenda huku:

- Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Hivi navitaja kwanza kwa makusudi. Kijana wa kibanda anajua nani anaombwa na wateja wiki hii, nani amerekodi juzi, na mara nyingi ana namba ya mrekodi. Nunua nyimbo kwanza, kisha uliza.
- Mwigobero na Makoko, mialoni. Wavuvi wanatoka kila upande wa ziwa. Nenda asubuhi shughuli ya samaki ikishapungua. Mtu anayehesabu mapato ya usiku hana muda na wewe.
- Boti za Kinesi. Kutoka Mwigobero unavuka ghuba kwenda Kinesi, na hapo uko Rorya, kwa Wajaluo. Kwa anayetaka nyatiti, safari hiyo ni fupi kuliko kuzunguka kwa barabara kupitia Daraja la Kirumi.
- Redio. Victoria FM ipo mjini. Watangazaji wanajua watu. Fika mapokezi, jitambulishe, acha namba yako.
- Ofisi ya utamaduni ya halmashauri. Afisa utamaduni ndiye anayeita vikundi kwenye mbio za mwenge na sherehe za kitaifa, kwa hiyo ana orodha. Pia ukiwa na kamera kubwa, atakueleza vibali vinavyotakiwa kabla hujapata matatizo.

Jioni pita Nyasho. Baadhi ya baa huwa na mpiga gitaa mmoja na kinanda. Wapiga gitaa wa mjini wengi walijifunzia kwaya, na wengi wana ndugu kijijini anayepiga chombo cha zamani. Swali zuri la kuwauliza ni hili: "Kwenu nani alikuwa anapiga?"

## Bunda

Wengi hupita Bunda dirishani, wakiwa njiani kutoka Mwanza. Shuka. Bunda ni njia panda ya watu: Wajita, Waikizu, Wasukuma, Wakerewe wanaokuja kupitia Kisorya, na wafanyabiashara wa kila namna. Mji kama huo unajua habari za vijiji vingi kwa wakati mmoja.

Uliza siku ya mnada, kisha panga uwepo siku hiyo. Mnadani kuna ng'ombe, nguo, nyama choma, na wazee waliouza ng'ombe na wana muda wa kukaa. Kaa na mama lishe, kula, sikiliza. Wakizoea sura yako, uliza. Mazingira FM, redio ya jamii, iko Bunda. Huko nako unaweza kubisha hodi. Zaidi ya hapo sina mengi ya kusema kuhusu Bunda, isipokuwa usilale hapo usiku mmoja tu. Siku ya kwanza wewe ni mpita njia, na watu hawamwambii mpita njia wanakoishi wazee wao.

## Butiama

Butiama ni kilomita 40 na kitu kutoka Musoma, na kila mtu huijua kwa sababu moja: Mwalimu Nyerere alizaliwa hapo mwaka 1922 na amezikwa hapo. Nenda Mwitongo, penye nyumba na kaburi lake, kwa heshima, ingia makumbusho, jiandikishe kitabuni. Mpenzi wa muziki akumbuke akiwa pale kwamba Mwalimu alipokuwa Rais mwaka 1962 aliunda wizara ya utamaduni wa taifa. Wazee wengi wanaopiga vyombo leo walikua katika miaka ambayo serikali iliwaambia watu wake kwamba cha kwao kina thamani, na ukiwagusia hilo watakuwa na mengi ya kusema.

Mambo matatu kuhusu Butiama:

- Tarehe 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu, na tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa, vikundi huitwa. Utawaona wanamuziki, lakini wako kazini, wamezungukwa na viongozi na kamera. Chukua namba, shikana mkono, rudi siku nyingine.
- Usiingie kwenye miji ya watu kwa kufuata sauti. Pita kwa mwenyekiti wa kitongoji. Inachukua nusu saa na inakuokolea maelezo ya siku nzima.
- Wazanaki, wenyeji wa Butiama, wana muziki wao na heshima yao. Usifike ukiwaulizia litungu la Wakurya kana kwamba Mara yote ni watu wamoja. Waulize wao wanapiga nini.

## Siku ya kwanza nyumbani kwa mzee

Hapa ndipo safari nyingi huharibika.

1. Nenda na aliyekutambulisha, hata kama umeshapewa namba. Simu ya mgeni inatia wasiwasi: huyu ni wa mikopo, wa kodi au wa siasa?
2. Usifike mikono mitupu. Sukari, majani ya chai, sabuni na mchele vinatosha, na umpe mama wa nyumba. Kwa mzee mwenyewe, uliza kwanza kama anahitaji nyuzi. Wapigaji wengi siku hizi hutumia nyuzi za nailoni za kuvulia samaki, na maduka ya zana za uvuvi Mwigobero yanazo. Zawadi hiyo itakumbukwa kuliko fedha.
3. Amkia vizuri. "Shikamoo mzee," kisha ukae ulipoonyeshwa. Utaulizwa wewe ni wa wapi, baba yako ni nani, umeoa au umeolewa. Jibu maswali yote. Kwa wazee wa huku mtu asiyejulikana ukoo wake bado hajafika. Kama wewe ni kijana, usishangae kuitwa "mura". Ujue umeanza kukubalika.
4. Usiombe apige. Siku ya kwanza zungumza habari za mvua, mifugo, watoto. Uliza alijifunza kwa nani. Kama chombo kiko karibu na anataka, atakichukua mwenyewe.
5. Simu ibaki mfukoni. Nitaeleza chini.
6. Ondoka kabla hujachokwa, na useme utarudi lini. Kisha urudi siku hiyohiyo uliyosema.

Najua kuna atakayesema: "Mimi nina siku nne tu, siwezi kupoteza moja kwa kuzungumza mvua." Basi kwa siku nne kutana na mtu mmoja, usikimbizane na watano. Wapiga muziki watano uliowaona dakika 20 kila mmoja ni picha kwenye simu. Mmoja uliyekaa naye mara mbili ataikumbuka sura yako mwaka ujao.

Usiguse chombo bila ruhusa. Kwa nyatiti hili ni zito zaidi, hasa kwa wanawake, kwa sababu kwa desturi chombo hicho kilikuwa cha wanaume. Haimaanishi mlango umefungwa. Mjapani Eriko Mukoyama, anayejulikana kwa jina la Anyango, alikwenda kujifunza kijijini upande wa Kenya, akakaa na mwalimu wake, akafuata masharti yake, mpaka akaruhusiwa kupiga hadharani. Wewe nawe uliza, na ukikataliwa usibishe.

Na usijaribu kununua chombo chake. Kama unakitaka, mwombe akutengenezee kingine au akupeleke kwa fundi. Utalipia, utasubiri, na utapata sababu ya kurudi.

## Pesa

Mnaniuliza sana: "Je, nikilipa si nitakuwa nimeununua urafiki?" Hapana. Mzee anayepiga harusini hulipwa, na rafiki anayemfanyisha kazi rafiki yake bure ni rafiki mbaya. Tenganisha mafungu haya na usiyachanganye:

- Malipo ya kupiga. Mkubaliane kabla, kwa siri, kupitia mwenyeji wako. Kama hujui uanzie wapi, uliza fundi mwashi hulipwa kiasi gani kwa siku hapo kijijini, na usishuke chini ya hapo.
- Malipo ya kurekodi. Ni kitu kingine kabisa. Anayesikiliza anaondoka na kumbukumbu. Anayerekodi anaondoka na kazi ya mtu.
- Kutunza. Hii hufanyika wakati anapiga, mbele ya watu, kidogokidogo. Beba noti ndogondogo.

Kwenye nyatiti kuna pakruok, na mgeni akiijua anapendwa haraka. Mtu anatoa fedha, mpigaji anapunguza au kusimamisha nyuzi, na aliyetoa anapata nafasi ya kujisifu: anataja kwao, ukoo wake, wakwe zake, mambo aliyoyafanya. Watu wanashangilia, nyuzi zinaendelea. Andaa maneno yako mapema, kwa Kiswahili tu inatosha. Taja kwenu kwa fahari, msifu aliyekuleta, kaa. Usijisifu kwa mali mbele ya watu walioketi kwenye mkeka, na usimdhihaki mtu usiyemjua.

Usimlipe mtu kwa pombe. Wapo watakaokuambia, "Huyu mpe chupa tu, atapiga mpaka asubuhi." Waimbaji wengi wazuri wamemalizwa namna hiyo, Mississippi na hapa kwetu. Gongo ni haramu kisheria. Usiinunue wala usikae nayo. Ukitaka kumpa kinywaji, mpe soda au chai pamoja na chakula, na fedha zake mpe yeye mkononi au kwenye simu yake, kamwe usimpe dalali amfikishie.

## Kurekodi na kupakia mtandaoni

Simu itoke mfukoni kuanzia siku ya pili, na baada ya kujibiwa maswali manne. Nani atasikia? Jina litaandikwaje? Kama pakitoka fedha, atapata vipi? Kuna wimbo asiotaka urekodiwe?

Swali la mwisho ndilo watu husahau. Kuna nyimbo za msiba wa mtu fulani, na familia yake haijaruhusu zitoke. Kuna nyimbo za kumsema kiongozi, ambazo mzee anaziimba akiwa na watu wake tu. Misiani mwenyewe aliingia matatani na serikali zaidi ya mara moja kwa sababu ya nyimbo zake. Wewe utapanda basi na kuondoka. Mzee atabaki na mtendaji wa kijiji.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na mpigaji hata kama hajui kusoma. Kumbukeni Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi "Mbube" mwaka 1939, akapewa shilingi 10 kwa haki za wimbo huo, akafa maskini mwaka 1962 huku dunia nzima ikiuimba, na familia yake ikapata mapatano ya maana mwaka 2006 tu. Sasa fanya hivi:

- Andika makubaliano mafupi kwa Kiswahili, yasizidi ukurasa mmoja, yasomwe kwa sauti mbele ya mtoto wake au jirani, kila upande ubaki na nakala.
- Taja jina lake kamili, chombo na kijiji popote utakapoweka kazi yake, isipokuwa kama hataki.
- Usiandike "wimbo wa asili, mtunzi hajulikani". Anajulikana. Umekaa naye.
- Kama kazi inaelekea kuuzwa, mwelekeze COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ajisajili, au mwombe afisa utamaduni amsaidie.

Kwa ubora wa sauti, ushauri wangu ni mmoja: ondokeni kwenye bati. Nyumba ya bati inaharibu litungu, na mvua ikinyesha umekwisha. Chini ya mti, saa 11 jioni upepo wa ziwa ukishatulia, weka simu karibu na bakuli la chombo na si karibu na mdomo. Sauti yake itafika yenyewe.

## Sherehe za kwenda na za kutokwenda

Harusi: ukialikwa na mtu wa familia, nenda, changia.

Msiba: nyatiti na litungu husikika sana matangani, na huko ndiko mpigaji huimba kwa moyo wote. Lakini usiende msibani kama mtazamaji. Toa rambirambi, andikwa, kaa na waombolezaji, saidia kubeba viti. Usipige picha jeneza wala wanaolia. Kama unataka kurekodi, muulize msemaji wa familia, na akisita hata kidogo, achana nayo.

Tohara: hapa nasema bila kuzunguka. Mwishoni mwa mwaka, hasa Novemba na Desemba, baadhi ya maeneo ya Mara huwa na misafara ya ngoma barabarani, watu wamepakwa rangi, litungu linapigwa. Inavutia sana macho ya mgeni. Baadhi ya misafara hiyo inasindikiza wasichana waliokeketwa. Kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, na ni ukatili hata kama muziki wake ni mzuri. Usifuate msafara huo, usiutunze, usiupige picha za kuweka mtandaoni. Ukiona mtoto yuko hatarini, piga 116, namba ya kusaidia watoto, au nenda dawati la jinsia na watoto la polisi. Baadhi ya waimbaji wenyewe wanaukataa ukeketaji. Zungumza nao, waulize wanaimba nini kuhusu hilo.

## Maswali mengine mnayouliza

"Mimi ni mwanamke na nasafiri peke yangu. Niende?" Nenda, lakini mwenyeji wako awe mwanamke: mama lishe, mwalimu, kiongozi wa kikoba, mama wa kwaya. Yeye ndiye akupeleke. Fika mchana, rudi kabla ya giza, bodaboda awe yule anayemjua yeye. Wanawake pia huimba, hasa kwenye kazi za shamba na harusi, na mgeni wa kike husikia nyimbo ambazo mwanamume hatazisikia kamwe.

"Nina gitaa, nije nalo?" Njoo nalo, liache kwenye begi mpaka uulizwe. Ukiulizwa, piga wimbo mmoja wa kwenu, mfupi. Kisha mfuate mzee, usimwongoze. Ulegeze nyuzi zako zikubaliane na zake, kwa sababu zake hazifuati mashine ya kupimia sauti. Hata Taj Mahal, mwanabluzi mkubwa wa Marekani, alipofanya kazi Zanzibar na kikundi cha Mila na Utamaduni, kazi iliyotoka mwaka 2005 kwa jina la *Mkutano*, alilazimika kukaa ndani ya muziki wa wenyeji.

"Sijui Kikurya wala Kijaluo." Kiswahili kinatosha kila mahali nilipotaja. Maana ya nyimbo mwombe mwenyewe akueleze baada ya kupiga, na usitosheke na tafsiri ya kijana mmoja. Vijana hufupisha, dakika kumi za masimulizi utaambiwa "anamsifia tu mjomba wake".

"Ana kipaji kikubwa. Nimwahidi kumpeleka Dar?" Usimwahidi kitu ambacho hujakishika mkononi. Wazee hawa wameshaahidiwa matamasha, kanda, safari za Ulaya. Kila ahadi iliyovunjika inamfungia mlango mgeni anayefuata. Kama unajua tamasha kama Sauti za Busara, jaza maombi kimyakimya, na uongee siku ukipata barua.

## Ukisharudi nyumbani

Mwaka 1950 mrekodi Hugh Tracey alirekodi kwa Wakipsigis, upande wa Kenya, wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyejulikana kwa bluzi zake za kupaza sauti na ambaye sahani zake za santuri zilifika mpaka huko. Wimbo ukazunguka dunia. Zaidi ya miaka 60 ilipita ndipo rekodi hizo ziliporudishwa kijijini, na wengi wa walioimba walikuwa wameshakufa. Wewe una simu, huna sababu ya kuchelewa hata wiki mbili.

- Tuma picha na nyimbo zote, si zile nzuri tu. Wengi hawana simu janja. Weka kwenye memori kadi na uitume kwa basi, umpigie aliyekutambulisha aipokee stendi.
- Chapisha picha moja ya karatasi ya mzee na chombo chake, kubwa, uiweke kwenye fremu. Utaikuta ukutani ukirudi.
- Piga simu mara kwa mara bila sababu. Anayepiga akiwa na shida ya kurekodi tu hujulikana haraka.
- Ukisikia amefiwa, tuma rambirambi siku hiyohiyo.
- Chukua namba mbili: ya kwake na ya mtu wa pili, mtoto wake, jirani, au kijana wa kibanda cha nyimbo. Laini za simu hufungwa na simu huuzwa wakati wa njaa. Namba hiyo ya pili ndiyo itakayokuambia kama mzee bado yupo Kinesi au amehamia kwa binti yake huko Utegi, na basi gani linafika huko.